Anzia Forodhani: Namna ya Kuusoma Ushindani wa Mataifa ya Kigeni katika Vita vya Taiping

Msomaji anayekutana kwa mara ya kwanza na vita vya Taiping, vilivyoitikisa China kuanzia 1851 hadi 1864 na kuua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi, mara nyingi hupotea mahali pamoja. Huelewa kwamba Hong Xiuquan, mtu aliyeshindwa mitihani ya serikali mara kadhaa, alijitangaza kuwa ni mdogo wake Yesu na akaanzisha Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu. Huelewa pia kwamba nasaba ya Qing ilipigana naye kwa miaka mingi. Lakini Waingereza, Wafaransa, Wamarekani na Warusi wanapoingia katika habari hizi, mambo humchanganyikia, kwa kuwa leo huwaona wakimpiga Kaizari na kesho wakimlinda. Mwongozo huu unaonyesha njia moja ya kuzipanga habari hizo, nami nauandika kwa ajili ya wenzangu wa Mombasa, kwa sababu naamini mtu aliyekulia kando ya bandari ana ufunguo ambao wengine hawana.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Zamu yangu ya kusomesha ilipofika kwenye barza yetu ya Mji wa Kale, ambako vijana wa sekondari na wazee waliostaafu hukaa pamoja baada ya sala ya isha, nilikuja na ramani ya mapigano: mishale myekundu kutoka Guangxi hadi Nanjing, mishale ya buluu ya majeshi ya Qing. Nilisema kwa saa nzima. Mzee mmoja, aliyekuwa karani wa forodha kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alisubiri nimalize, akaweka kikombe chake cha kahawa juu ya sahani, akaniuliza: "Mwalimu, miji hiyo ilipokuwa ikitekwa, ushuru alikusanya nani?" Sikuwa na jibu. Nilipokwenda kulitafuta, niliona kwamba swali lake lilistahili kuwa la kwanza, na tangu siku hiyo sijawahi kusomesha somo hili kwa kuanza na mishale.

Tumia karatasi moja

Vitabu vingi huviweka vita vya Taiping katika sura moja, na Vita vya Pili vya Afyuni, ambavyo Uingereza na Ufaransa zilipigana na Qing kati ya 1856 na 1860, katika sura nyingine. Chukua karatasi moja kubwa ya manila, uitandaze juu ya mkeka, uchore mstari wa miaka kutoka 1842 hadi 1864. Juu ya mstari andika mambo ya vita vya Wachina wenyewe kwa wenyewe: uasi ulioanzia Jintian Januari 1851, kutekwa kwa Nanjing, uliofanywa mji mkuu wa Taiping, Machi 1853, kuanguka kwake Julai 1864. Chini ya mstari andika mikataba na mapigano ya mataifa ya kigeni: Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliowapa Waingereza Hong Kong na kufungua bandari tano za Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai, mikataba ya Wamarekani na Wafaransa ya 1844, mikataba ya Tianjin ya 1858, na ile ya Beijing ya 1860.

Sasa weka kidole kwenye Agosti 1860 usome juu na chini kwa pamoja. Chini, huko kaskazini, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalizipiga ngome za Dagu, yakaziteka tarehe 21, yakaanza safari ya kuelekea Beijing, ambako mwezi wa Oktoba Waingereza walilichoma moto Kasri la Kiangazi la Kaizari. Juu, siku hizo hizo, Li Xiucheng, jemadari wa Taiping, alifika mbele ya Shanghai baada ya kuuteka mji wa Suzhou. Alikuwa amekwisha kuwaandikia wageni kwamba hana ugomvi nao, na kwamba watundike bendera za manjano kwenye nyumba zao ili askari wake wasiziguse. Alipokelewa kwa mizinga ya Waingereza na Wafaransa waliokuwa wakiulinda mji huo, nao ulikuwa mji wa Kaizari yule yule. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba maamuzi haya mawili yalikuwa mikononi mwa ndugu wa damu: Lord Elgin ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza pamoja na jeshi la kaskazini, na mdogo wake, Frederick Bruce, ndiye aliyetangaza mwezi wa Mei kwamba Shanghai italindwa.

Msomaji akishaliona hilo kwa macho yake kwenye karatasi, hataridhika tena na jibu la kwamba mataifa hayo yalikuwa upande fulani. Atauliza yalikuwa yakilinda nini.

Nenda forodhani Shanghai, Septemba 1853

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, wala usiwaonee haya wanafunzi wanaotaka kukimbilia mapigano.

Tarehe 7 Septemba 1853 kundi la siri lililojulikana kwa jina la Panga Ndogo, ambalo halikuwa chini ya amri ya Nanjing, liliuteka mji wa Shanghai uliozungukwa na ukuta. Nyumba ya forodha, iliyosimama ukingoni mwa mto Huangpu, iliporwa, na Wu Jianzhang, ofisa wa Qing aliyesimamia ushuru, akaponyoka. Mtoni zilikuwako merikebu zinazopakia hariri na chai, na hapakuwa na mtu wa kupokea ushuru wake.

Mtu angedhani wafanyabiashara wote walifurahi. Lakini Rutherford Alcock, konseli wa Uingereza, yaani balozi mdogo aliyekaa bandarini kusimamia mambo ya raia wake, aliona hatari mbili. Kwanza, mkataba uliowapa Waingereza haki ya kukaa Shanghai ndio uliowataka walipe ushuru, na anayekiuka upande wake wa mkataba humpa mwenzake sababu ya kuuvunja. Pili, mfanyabiashara anayelipa atamalizwa sokoni na jirani yake asiyelipa. Kwa hiyo yeye na mwenzake wa Marekani waliwataka wafanyabiashara wao waandike hati za kuahidi kulipa baadaye. Merikebu za mataifa mengine ziling'oa nanga bila kutoa chochote, walioandika hati wakalalamika, na sehemu kubwa ya fedha zilizoahidiwa haikulipwa. Hatimaye, tarehe 29 Juni 1854, makonseli wa Uingereza, Marekani na Ufaransa walikubaliana na Wu kwamba wakaguzi watatu, mmoja kutoka kila taifa, wausimamie ushuru wa Shanghai kwa niaba ya serikali ya China. Walianza kazi tarehe 12 Julai, na hicho ndicho chanzo cha idara ya forodha ya Kaizari iliyoongozwa na wageni kwa miongo mingi iliyofuata.

Mwambie mwanafunzi aandike kwenye karatasi, kwa maneno yake mwenyewe, fedha hizo zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa Qing. Kila kasha la chai lililotoka Shanghai lilitia fedha katika hazina ya upande mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na waliohakikisha kwamba fedha hizo hazipotei ni raia wa mataifa yaliyotangaza kwamba hayaegemei upande wowote. Kisha mpeleke mbele hadi Oktoba 1860. Mikataba ya Beijing ilimlazimisha Kaizari kulipa fidia ya taeli (kipimo cha fedha cha China) milioni 8 kwa Uingereza na kiasi hicho hicho kwa Ufaransa, na malipo hayo yalikatwa kutoka mapato ya forodha. Anayedai hataki mdaiwa wake afilisike. Waingereza na Wafaransa waliompiga Kaizari hadi akakubali deni, tangu siku hiyo walikuwa na sababu ya kutaka abaki kwenye kiti chake, na abaki na Shanghai.

Kwa msomaji wa pwani, jambo hili si geni hata kidogo. Sayyid Said alizikodisha forodha zake kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Jairam Shivji, na kila mtu mjini alijua kwamba mwenye forodha ana sauti mbele ya mwenye enzi. Mkataba wa Sayyid na Marekani wa 1833 uliuwekea ushuru wa bidhaa zinazoingia kikomo cha asilimia 5. Waingereza wakafuata mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, mwaka ule ule walipotia saini mkataba wao na China. Kwenye mikataba ya China pia kiwango cha kawaida kilikuwa kama asilimia 5. Napenda kuziweka tarehe hizi ubavuni mwa karatasi yetu, kwani kijana wa Mombasa akiziona huacha kuidhani China kuwa ni dunia nyingine.

Usiseme "Wazungu"

Neno hilo moja huficha ushindani wote unaotafutwa. Kila taifa liulizwe maswali matatu: linanunua na kuuza nini, manowari zake ziko wapi, na lina karatasi gani mkononi.

Uingereza ilinunua chai na hariri, na ikauza afyuni iliyolimwa India, mapato yake yakiitunza serikali yake ya huko. Mwaka 1858, katika makubaliano ya ushuru yaliyofuata mikataba ya Tianjin, afyuni ilihalalishwa kwa kutozwa taeli 30 kwa kila pikuli, ambayo ni kama kilo 60. Ufaransa ilikuwa na biashara ndogo kuliko wenzake. Karata yake ilikuwa ulinzi wa mapadri wa Kikatoliki na eneo lake la Shanghai, na ndiyo maana Wafaransa ndio waliowashambulia Panga Ndogo Januari 1855, mwezi mmoja kabla ya Qing kuurudisha mji. Marekani ilitaka mlango ulio wazi kwa wote bila kuingia gharama ya kuubomoa, na kuanzia 1861 ilikuwa na vita vyake nyumbani. Urusi haikuhitaji bandari za kusini. Ilikuja kwa nchi kavu, na wakati Qing ilipobanwa kotekote ilichukua ardhi ya kaskazini ya mto Amur kwa mkataba wa Aigun wa 1858 na ya mashariki ya mto Ussuri kwa mkataba wa Beijing wa Novemba 1860. Mjumbe wake, Nikolai Ignatiev, alijifanya msuluhishi kati ya Prince Gong, mdogo wake Kaizari, na majeshi yaliyokuwa mlangoni, kisha akadai ujira wake kwa ardhi. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyepata kingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, ingawa vitabu vingi humtaja kwa aya moja.

Kuhusu karatasi, kuna kifungu kimoja ambacho lazima kieleweke kabla ya kuendelea: kifungu cha taifa linalopendelewa zaidi. Waingereza walikipata kwenye mkataba wa nyongeza wa 1843, na wengine wakakipata baadaye. Maana yake ni kwamba upendeleo wowote China itakaoupa taifa moja huwafikia na wengine wenye kifungu hicho. Hivyo Wamarekani walipata bandari zilizofunguliwa kwa mizinga ya watu wengine. Kifungu hiki ndicho kinachoeleza jambo linalowashangaza wanafunzi, yaani namna mahasimu hawa walivyoweza kuoneana wivu kila siku na bado wakatembea pamoja.

Namna ya kuisoma barua ya konseli

Ukipata barua ya konseli, hata kama ni ya aya mbili tu, usianze na maoni yake. Anza na tarehe. Waya wa simu ya maandishi ulifika pwani ya China mwaka 1871. Kabla ya hapo barua kutoka Shanghai hadi London ilichukua takriban miezi miwili, na jibu muda kama huo. Konseli aliamua kwanza, na serikali yake ikaridhia au ikakemea jambo lililokwisha kutendeka. Pili, tazama anamwandikia nani, kwa sababu anayemwandikia waziri hujitetea, na anayemwandikia amiri wa manowari huomba. Tatu, pigia mstari kila mahali anaposema kwamba taifa lake haliegemei upande, kisha andika pembeni mwaka huo na alichokuwa akikifanya.

Zoezi hilo la tatu lina faida kubwa. Aprili 1853 Sir George Bonham alipanda mto Yangzi kwa manowari ya Hermes hadi Nanjing kuwaambia Taiping kwamba Uingereza haitaingilia kati. Njiani alipigwa mizinga, kwa kuwa maofisa wa Qing walikuwa wameeneza habari kwamba wageni wanakuja kuwasaidia, na alipofika aliandikiwa waraka uliowapokea Waingereza kana kwamba wamekuja kutoa utii kwa Mfalme wa Mbinguni. Wafaransa walikwenda Desemba mwaka huo kwa meli ya Cassini, na Wamarekani Mei 1854 kwa Susquehanna; kila mmoja alikwenda kupima kwa macho yake, asimwachie mwenzake. Mapema 1861 Admirali James Hope alikubaliana na Taiping wasiikaribie Shanghai kwa umbali wa maili 30 kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, Taiping walisonga, na majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakaanza kuwafukuza ndani ya duara hilo la maili 30; Mei 1862 Admirali Protet wa Ufaransa aliuawa kwenye mapigano hayo, na mwezi huo huo Ningbo ikanyang'anywa kutoka kwa Taiping. Neno la kutoegemea upande lilikuwa lile lile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni ukubwa wa kile kilicholindwa kwa neno hilo.

Wape Taiping nafasi yao

Mwongozo wowote unaowasikiliza makonseli peke yao utakuwa na kilema. Taiping walikuwa na siasa yao ya nje. Hong Rengan, ndugu wa ukoo wa Hong Xiuquan, aliyeishi Hong Kong na wamisionari kabla ya kufika Nanjing mwaka 1859, aliandika mapendekezo ya reli, benki, magazeti na uhusiano wa heshima na mataifa ya nje. Wengi huuliza kwa nini Wakristo wa Ulaya waliwakataa watu waliosema wanamwabudu Mungu mmoja. Ni kweli kwamba wamisionari wengi walikata tamaa walipoyasikia madai ya Hong Xiuquan kuhusu yeye na Yesu. Lakini Taiping pia walipiga marufuku afyuni, na walikaa juu ya Yangzi, mto ambao mikataba ya 1858 ilikuwa imeufungua hadi Hankou. Soma dini yao kwa heshima, kisha uliza tena swali la yule karani.

Kumbuka vilevile kwamba si wageni waliovimaliza vita hivi. Nanjing iliangushwa na jeshi la Hunan la Zeng Guofan, lililolipwa kwa sehemu kubwa kutokana na lijin, tozo ya bidhaa njiani iliyoanzishwa 1853. Jeshi lililoitwa Lenye Ushindi Daima, lililoanzishwa na Mmarekani Frederick Townsend Ward na kuongozwa na Mwingereza Charles Gordon kuanzia Machi 1863, lilisaidia karibu na Shanghai na Suzhou, na sifa zake zimezidi kipimo. Gordon mwenyewe anatuhusu kwa njia nyingine. Miaka kumi na miwili baadaye, akiwa mtumishi wa Khedive wa Misri, alimshauri bwana wake ajipatie njia ya kutokea kwenye pwani yetu, na mwaka 1875 meli za Misri zikateka Barawa na Kismayu hadi Uingereza ilipomshinikiza Khedive aziondoe.

Ukilinganisha na kwetu, pima kwanza

Ulinganisho na Mombasa husaidia, ila una mpaka. Machi 1862, wakati Uingereza na Ufaransa zikipigana bega kwa bega nje ya Shanghai, zilitia saini tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wa Zanzibar na Muscat, kila moja ikiwa imemfunga mwenzake mkono. Mwaka 1887 Sultan Barghash aliwakabidhi Waingereza wa shirika la Mackinnon utawala wa pwani kutoka Umba hadi Kipini, pamoja na forodha zake. Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alipoinua silaha mwaka 1895, aliyekusanya ushuru wa Mombasa hakuwa tena mtu wa Sultani. Tofauti ni kwamba Qing ilikuwa na majemadari na majimbo ya kuibeba hata ilipopigwa, na Sultani hakuwa na Zeng Guofan wake.

Zoezi la mwisho

Wape wanafunzi habari hii bila maelezo yoyote. Mwaka 1863 meli za kivita zilizonunuliwa Uingereza kwa fedha za forodha ziliwasili China, zikiongozwa na Kapteni Sherard Osborn, zisaidie kuivunja Nanjing. Horatio Nelson Lay, mkaguzi mkuu wa forodha, alikuwa amekubaliana na Osborn kwamba atapokea amri za Kaizari kupitia kwa Lay peke yake, na Lay atazipitisha zile tu atakazoziona zinafaa. Prince Gong alikataa. Balozi wa Marekani, Anson Burlingame, alihofia kwamba meli zikiuzwa zitawaangukia waasi wa kusini ya nchi yake, kwa hiyo akataka zirudishwe zilikotoka, nazo zikaondoka bila kupiga mzinga mmoja. Lay alifukuzwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Robert Hart.

Waulize kila taifa lililotajwa hapo linauza nini, manowari zake ziko wapi, na lina karatasi gani mkononi. Barza yetu ilikaa na habari hiyo jioni mbili. Ilipofika ya pili, yule mzee wa forodha aliomba penseli, akapiga mstari kutoka kwenye meli hizo za 1863, akaurudisha nyuma hadi kwenye nyumba ya forodha iliyoporwa mwaka 1853, na vijana wakasogea karibu na mkeka kuuona.